Jina la Mama Kwenye Tiketi

Kutoka pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mama yangu ameziona ndege kwa zaidi ya miaka 20. Hushuka juu ya ziwa zikinyoosha kuelekea uwanjani kule Ilemela, na yeye huwa ameinamia turubai lake, akichambua mchanga na majani kwenye dagaa. Hajawahi kusema anataka kupanda. Ila ndege ikipita chini kidogo, mikono yake husimama, naye huitazama mpaka ipotee. Nilimwona akifanya hivyo nikiwa darasa la tano. Nimemwona akifanya hivyo nikiwa na watoto wangu mwenyewe.

Kwa hiyo binti wa dada yangu, mjukuu wa kwanza wa mama, alipotuambia kwamba mahafali yake ya chuo yatakuwa Novemba, Dar es Salaam, sikufikiri mara mbili. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100 na magoti ya mama si yale ya zamani. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu. Nikampigia dada: mama atakuja kwa ndege, na gharama ni zangu.

Mimi ni mwalimu. Tiketi ya kwenda na kurudi ilitaka zaidi ya laki tano, na laki tano zote kwa mkupuo sikuwa nazo. Ndipo kwenye kundi letu la WhatsApp, la tuliosoma pamoja, mtu mmoja akaweka tangazo la kadi za zawadi za safari: yenye thamani ya dola 200 anaitoa kwa dola 120. Alieleza kwamba kadi hizo ni za kampuni ya nje inayouza tiketi za ndege mtandaoni. Unapewa tarakimu, unaziingiza unapofika kwenye malipo, tiketi inatoka kwa jina lako. Watu watatu walikuwa wamemshukuru chini ya tangazo. Mmoja alikuwa ameweka picha yake akiwa dirishani, bawa la ndege nyuma yake.

Nilituma pesa kwa simu. Kabla ya kuthibitisha, likatokea jina la mpokeaji, na halikuwa la yule mtangazaji. Nilimuuliza. Akajibu kwamba hiyo laini ni ya mdogo wake. Nikaingiza namba ya siri.

Nataka kukaa kidogo hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kusimama. Tumelizoea jina lile linalojitokeza kwenye kioo kiasi kwamba hatulisomi tena, tunaliona kama sehemu ya mlio wa simu. Lakini limewekwa kwa kazi. Nchi nzima ilipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, na zilizokuwa hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, ili kila namba iwe na mtu wake. Mimi nililiona jina, nikalisoma, nikaona halilingani, kisha nikalipita. Sikutaka kujua zaidi. Ningejua zaidi ningeipoteza ile nafuu.

Tiketi ilitoka kweli. Niliichapisha steshenari moja pale mjini, karatasi mbili, majina ya mama yakiwa juu kwa herufi kubwa. Aliishika kwa vidole viwili kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi la dagaa. Jioni aliitia kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka ndani ya Biblia. Wenzake wa Mwaloni walimchangia kitenge. Fundi alikishona kwa wiki moja, na mama akakipiga pasi mara mbili ingawa hakikuwa kimevaliwa.

Uwanja wa ndege tulifika mapema mno. Dada wa kaunta alikuwa na heshima; alimwamkia mama, akaomba kitambulisho, akaandika kwenye kompyuta yake, akaacha, akaandika tena. Kisha akaniita pembeni.

"Kaka, nafasi ya mama naiona iliwahi kushikwa. Lakini tiketi yenyewe imefutwa. Tangu juzi."

Nilimwonyesha karatasi. Akanieleza kwa upole jambo ambalo kila mtu anayenunua tiketi kwa wakala wa simuni angepaswa kulijua: nafasi na tiketi ni vitu viwili. Nafasi hutambulika kwa alama sita za herufi na tarakimu. Tiketi ya kielektroniki ina namba yake yenye tarakimu 13. Nafasi inaweza kuwepo bila tiketi, kwa sababu wapo wanaoishika kwa muda bila kulipa, wakakutumia karatasi inayofanana na tiketi kwa kila kitu isipokuwa hiyo namba. Yangu ilikuwa na namba. Ilikuwa tiketi halali kwa majuma matatu, kisha aliyeitoa akaifuta. "Muulize aliyekuuzia," akasema. Hakuwa na lingine la kusema, na hakuwa na kosa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, begi la dagaa wa mjukuu likiwa magotini. Aliniangalia usoni nilipokuwa narudi.

"Jina langu halipo?" akauliza.

Nikaanza kumweleza habari za kadi, na kampuni ya nje, na mtandao.

"Baba, nimeuliza tu kama jina langu lipo."

Halikuwepo.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa kwamba mama aliuliza jina na si pesa. Aliyekulia kando ya ziwa hili hatashangaa. Mama ni wa Ukerewe, na Mei 1996 alikuwa tayari anaishi Mwanza. Meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21, ikitokea Bukoba na Kemondo, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Ilijengwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, la watu wa ndizi na mizigo, la bei ya chini, halikuwa na orodha. Waliokufa ni zaidi ya 800, na mpaka leo ukifika kwenye makaburi yao Igoma, hesabu hukumbwa na ukimya wa wale ambao hakuna aliyewaandika. Jirani yetu mmoja alikuwa na kaka yake humo. Mama alimsindikiza siku tatu kutafuta jina. Nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni miguu yao yenye vumbi mlangoni, na mama akisema kwa sauti ya chini, "Hayupo kwenye karatasi."

Miaka 22 baadaye ikawa zamu ya kwao, Ukerewe. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wa kivuko ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Na ile mashine ya tiketi ambayo ingesema ni wangapi walipanda ilipotea majini, na aliyekuwa akiishika akafa pamoja na abiria wake. Mama alikaa na simu sikioni usiku kucha.

Kisha tukashuhudia tofauti. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliangukia ziwani Bukoba. Watu 19 walikufa, na uchungu wa siku ile bado haujatutoka. Lakini kabla ya jioni tulijua kwamba ndani walikuwa watu 43, abiria 39 na wafanyakazi wanne wa ndege, na kila mmoja ana jina, na kila familia inajua inasubiri habari gani. Nakumbuka mama alivyotikisa kichwa mbele ya televisheni. "Angalau wameandikwa," alisema. Kwake tiketi haijawahi kuwa risiti ya nauli. Ni ushahidi kwamba kuna mtu mahali fulani anajua uko ndani.

Na mimi, mwanawe niliyesoma, nilikuwa nimempa karatasi yenye jina lake juu, na chini yake jina la mtu tusiyemjua.

Mtu huyo ni nani? Swali hilo lilinisumbua kuliko pesa. Nilianza kulifuatilia usiku, watoto wakishalala. Kampuni ya nje ilinijibu kwa barua pepe ya mistari minne: kadi niliyotumia ilinunuliwa kwa njia isiyo halali, mwenye kadi ya benki amelalamika, benki imerudisha pesa zake, na wao wamezima kadi ya zawadi pamoja na kila kilichonunuliwa nayo. Mkataba wao, walisema, ni na mnunuzi wa kwanza wa kadi. Shirika la ndege nalo, kwa haki, lingesema mkataba wake ni na kampuni ile. Mtandao wa simu ulisema pesa hazirudishwi bila ridhaa ya mpokeaji, na mpokeaji alikuwa ameshazitoa siku ile ile. Polisi waliandika maelezo yangu. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Afisa aliniuliza niliyemlipa ni nani. Nikamtajia jina lililotokea kwenye simu. Akaniuliza ni nani huyo. Nikakaa kimya.

Katika mnyororo wote ule kila mtu alikuwa na mtu wa kumshika isipokuwa mimi. Mwenye kadi ya benki alishika benki, benki ikashika kampuni, kampuni ikafuta tiketi. Nilikuwa nimejitoa mwenyewe kwenye mnyororo kwa dola 80.

Nikajifunza namna nafuu ya aina hii inavyozaliwa. Zipo kadi zinazouzwa chini ya bei kwa sababu safi kabisa: mtu kazawadiwa kadi ya hoteli na hana safari, anaona bora apate pesa kidogo kuliko kuiacha ioze kwenye droo. Marekani na Uingereza kuna masoko yanayonunua na kuuza kadi hizo waziwazi. Lakini anayeuza kihalali hupunguza kidogo, kwa sababu anaijua thamani ya alichonacho. Punguzo linapokaribia nusu ya bei, muuzaji ana haraka, na haraka ina sababu yake. Mwizi aliyepata tarakimu za kadi ya benki ya mtu hawezi kuzitia mfukoni. Hununua nazo kadi za zawadi, ambazo hutolewa papo hapo na hazina jina, kisha huziuza duniani kote kabla mwenyewe hajashtuka. Mwenyewe akishtuka, iwe baada ya wiki, iwe baada ya mwezi taarifa ya benki ikifika, kinachokufa ni kile alichobaki nacho mnunuzi wa mwisho. Tiketi ya ndege ni mbaya zaidi katika hili kuliko mkate au viatu, kwa sababu unainunua leo na kuitumia baada ya majuma. Katikati hapo inaonekana hai. Unaichapisha. Unaiweka ndani ya Biblia.

Na kuna njia nyingine, ambayo nilipoisoma niliifunga simu nikatoka nje. Matapeli huwapigia wazee. Hujifanya watu wa kodi, au polisi, au mjukuu aliyekamatwa, wakamwamuru mzee aende dukani anunue kadi za zawadi, akwangue, awasomee tarakimu kwa simu. Mwaka 2023 peke yake, watu wa Marekani waliripoti kwa tume ya biashara ya nchi yao, FTC, kwamba walipoteza zaidi ya dola milioni 200 kwa njia ya kadi za zawadi. Tarakimu zile zikishasomwa huingia kwenye masoko ya simu, zikishuka bei kadiri zinavyopita mikono.

Barua ya kampuni inaelekeza kwenye njia ya kwanza, ingawa sina hakika kamili kadi yangu ilipita ipi kati ya hizo mbili. Lakini mama yangu mwenyewe alipigiwa simu mwaka mmoja kabla ya hapo. Sauti ya kijana, yenye heshima zote, ilimwambia ni mwalimu wa mjukuu wake, mtoto kazidiwa shuleni, wako njiani kwenda naye hospitali, pesa ya dawa imepungua. Mama alituma elfu themanini. Mtoto alikuwa darasani akiandika mtihani. Mama alilia, si kwa ajili ya pesa. Alilia kwa jinsi moyo wake ulivyotumiwa. Nilikuwa na hasira siku ile. Nilisema maneno makali kuhusu watu wanaokula kwa jasho la wazee. Na mwaka uliofuata nikaenda kununua kwa furaha kitu ambacho huenda kilitoka kwa mama wa mtu mwingine, aliyesimama dukani ng'ambo ya dunia, miwani puani, akisoma tarakimu moja moja kwa sauti inayotetemeka.

Nilitaka kumpa mama zawadi. Zawadi hutoka mfukoni mwa anayetoa. Ile yangu, sehemu kubwa, ilitoka mfukoni mwa mtu ambaye hakuulizwa.

Nasema haya nikijua maisha yalivyo. Anayelipwa kidogo hatafuti nafuu kwa tamaa. Anaitafuta ili mama yake afike. Sitamhukumu mtu kwa kuulizia bei. Tumelelewa sokoni, kupunguziwa ni sehemu ya salamu. Ila pale Mwaloni mama akipunguza, nakiona anachopunguza: ni faida yake, anaitoa kwa mkono wake, na kesho utamkuta pale pale. Nafuu ina mwenyewe. Hilo ndilo sikuliuliza.

Hata kadi ikiwa halali kabisa, safari si mahali pazuri pa kuitumia bila kufikiri. Ndege ikiahirishwa au ukighairi, marejesho huweza kurudi kwenye kadi, si kwako, na wewe kadi uliinunua kwa mtu aliyeshatoweka. Kampuni nayo ikitetereka, ahadi yake hutetereka pamoja nayo. Tulionja hilo hapa Mwanza. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilipotoa notisi ya kusudio la kuifutia Fastjet Tanzania leseni, ndege zikasimama katikati ya msimu wa sikukuu, na wengi walibaki na tiketi mikononi. Aliyelipa kwa jina lake mwenyewe alikuwa angalau na mahali pa kuanzia kudai. Hilo pekee linatosha kunifanya nilipie safari kwa pesa yangu, kwa jina langu, hata nikilazimika kusubiri mshahara wa pili.

Jioni ya siku ile ya uwanja wa ndege tulikwenda stendi ya Nyegezi. Mfukoni nilikuwa na elfu tisini na kidogo. Wapiga debe walituzunguka kabla hatujashuka kwenye bajaji: mama njoo huku, kiti cha mbele, nakupunguzia, nipe mimi hiyo hela. Mama aliwapita kama anavyopita mawimbi madogo ufukweni. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akatoa kitambulisho chake cha taifa kutoka kwenye pindo la kanga, akasubiri mashine itoe tiketi. Aliisoma yote. Kisha akanipa nami niisome.

Alipanda na kitenge kipya kikiwa kimekunjwa ndani ya begi, kwa sababu hakutaka kikunjamane. Alifika Dar es Salaam kesho yake mchana. Mjukuu alikuwa ameshaitwa jina, ameshasimama na wenzake, ameshapigwa picha. Alimpokea stendi ya Mbezi akiwa bado na joho, amelivaa makusudi kwa ajili ya bibi yake, watu wakiwapisha. Dada alinitumia picha. Mama ana vumbi la barabara kwenye nyusi, na anacheka. Nimeitazama mara nyingi picha ile, na kila mara namwona ambaye hayumo ndani yake: bibi aliyekaa ukumbini asubuhi, kwenye kiti chenye namba, akisikia jina la mjukuu wake likisomwa.

Januari nilimpeleka bandarini kupanda meli ya kwenda Nansio, kule Ukerewe, kumwona dada yake. Nililipa nauli kamili, hakukuwa na hadithi. Karani aliandika haraka, foleni ilikuwa ndefu, akasukuma tiketi chini ya kioo. Mama aliiinua kwenye mwanga. Jina la baba yake, babu yangu, lilikosa herufi moja.

Akairudisha. "Mwanangu, samahani, andika vizuri."

Nyuma yetu mtu aliguna kwamba ni herufi tu, meli inaondoka. Mama hakugeuka. Aliegemea kioo na kuanza kumtajia karani herufi, moja baada ya nyingine, polepole.